Chokaa ya Papa Omer

Ukipita barabara ya mabaa hapa Kataki, mtaa wetu wa Kalemie, watu watakuonyesha kila kitu: hapa palipigwa gitaa la kwanza la umeme, pale palikuwa sinema ya Mgiriki, na hii njo baa ya Furaha ya Ziwa, wazungu wa reli walikuwa wanakunywa humu. Sisi wa Kalemie tunapenda kuonyesha! Lakini ukuta mweupe wa Furaha hakuna anayeuonyesha, na mimi kila nikiupita roho inaniuma.

Papa yangu, Omer, alikuwa anaandika namba kwenye mabehewa ya reli. Siku ya Mungu, Jumapili, alikoroga chokaa, akapaka na kuchora kuta za mabaa. Ukutani mwa Furaha alichora watu wakicheza, wakubwa kama watu wenyewe, na katikati yao Mama yangu, Kapinga, na kitambaa cha njano kichwani. Mama alikufa nikiwa na miaka miwili. Picha yake ya pekee iliungua na nyumba yetu katika vita vya sitini na nne. Sura yake ilibaki pale tu. Nilikuwa nauza mikate ng'ambo ya barabara, mkabala na ukuta ule, na walevi walinitania: "Agnès anachunga mama yake." Ndiyo, nilikuwa namchunga, kwani kosa?

Mwaka wa sabini na nne ikatangazwa kwamba wakubwa wanakuja kutoka Lubumbashi. Siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, barabara yote ipakwe nyeupe. Papa alimwendea shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, Sitwayeni Ilunga (siku zile "Bwana" ilikatazwa, wote tuliitwa Sitwayeni, raia), kofia mkononi.

"Sitwayeni, muniachie kipande kimoja tu. Yule wa katikati."

"Papa Omer, wanawake wako wanaocheza wamevaa suruali na wigi, na serikali imevikataza. Unataka nifungwe?"

"Yule amevaa kikwembe, nguo ya kwetu!"

"Nyeupe ni nyeupe. Tena utakoroga wewe, chokaa yako haibandukake."

Usingizi ulinipaa. Asubuhi nikamwambia: "Papa, koroga chokaa na maji tu, nyepesi. Mvua ikianza, itaiosha yote." Alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi mtaa mzima ulitoka na fagio na ndoo. Papa alikoroga mifuko ya chokaa iliyotoka Kabimba, pipa baada ya pipa, huku shefu amemsimamia. Kipande cha Mama nilikichukua mwenyewe, sikutaka mkono wa muntu mwingine. Nilianza na miguu. Uso niliuacha wa mwisho. Nikamwambia polepole, "Mama, uvumilie, ni mwezi mmoja tu."

Wakubwa walipita garini, hata kioo hawakushusha.

Mvua ikaja, na ya Kalemie unaijua. Kuta za mtaa wa nyuma, walikokoroga chokaa wenyewe, zilitiririka nyeupe hadi mtaroni. Wa Furaha ukabaki vilevile. Nilikwangua pembeni kwa ukucha, kisha kwa kisu: chokaa ilitoka pamoja na rangi ya chini. Nilikimbia nyumbani nimelowa chapachapa.

"Papa, uliweka nini mule?"

"Chumvi," akasema.

Kumbe! Miaka thelathini ya kukoroga chokaa, chumvi kwanza, ili ishike. "Mukono ulienda wenyewe, mutoto wangu," akaniambia. "Nilikuwa namwangalia shefu, mukono ukaenda wenyewe." Nilimpigia makelele, Mungu anisamehe, nilimwita majina ambayo mutoto hamwiti baba yake. Alikaa akiangalia mikono yake, machozi yakimtoka, na mimi nikakaa chini nikalia naye.

Wiki iliyofuata nilimletea makaa. "Basi umchore tena, hapa ndani, ukutani mwetu."

Alichora kitambaa haraka. Akachora hereni, mabega, kikwembe na maua yake. Alipofika usoni mkono ukasimama. Akafuta, akaanza upya, akafuta tena.

"Miaka yote nilikuwa naangalia ule ukuta," akasema. "Yeye mwenyewe simkumbuki tena."

Akanigeukia mimi, niliyeachwa nikiwa na miaka miwili. "Agnès, pua yake ilikuwa namna gani?"

Nilimwambia sijui, mimi nilijua pua ya ukutani tu.