Asumini za Bibi na Wadudu Wekundu

Enzi zetu, na nina haki ya kusema enzi zetu kwa kuwa mwezi ujao natimiza miaka kumi na saba, mtoto wa mjini hakuwa na nafasi ya kukaa bure. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, alasiri unatumwa mkate wa boflo miguu mitupu, lami inakuunguza mpaka unatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Watoto wa leo, mdogo wangu Nassor akiwa mmoja wao, hawavuki kizingiti bila viatu. Ana miaka tisa, na akitumwa huuliza kwanza kwa nini. Sisi tulikuwa tukiitikia "Naam" kwa adabu, kisha tunakwenda kujificha.

Nyinyi mliosoma nami mtaukumbuka mwaka alioolewa shangazi yangu Raya. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi yetu, mama yake Raya, ni mzaliwa wa Makunduchi aliyeletwa mjini na ndoa. Juu darini, kwenye sakafu ya paa penye jua, alikuwa na madebe saba ya mafuta ya taa aliyoyatoboa matako akapanda asumini. Jioni harufu yake ilishuka ngazi mpaka jikoni, ikapigana na ya papa mkavu, na ikishinda basi kwa shida. Bibi akaahidi mbele ya wanawake wote wa upande wa bwana harusi kwamba kila mgeni atapata kikuba cha kuchomeka kifuani, asumini na majani ya rehani yanayonukia, vilivyofungwa kwa uzi, na hakuna ua hata moja litakalonunuliwa sokoni. Mama wa bwana harusi, Bi Shamsa, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayeweka neno akiba.

Wiki tatu kabla ya harusi machipukizi yakajaa vidukari, wale chawa wa kijani wanaofyonza mmea mpaka majani yakajikunja. Nyuma yao wakaja wadudu wekundu, wa mviringo, mgongo unang'aa una madoa meusi, utadhani vikobe vilivyopakwa rangi. Bibi akawatazama, akatoa hukumu bila kusikiliza upande wa pili.

"Hawa nnawajua. Walinimalizia mabiringani yote kwetu shamba. Waueni."

Hakuna aliyebisha. Nani katika nyumba ile aliyewahi kulima biringani? Binamu yangu Salum, mtoto mwema kupindukia, yule ambaye kila mama wa mtaani alitupigia mfano wake, akapewa madebe manne. Mimi nikapewa matatu yaliyokuwa nyuma ya tangi la maji. Kila mtu na kifuu chake chenye maji: okota mdudu, zamisha, muoneshe Bibi kabla ya magharibi.

Salum aliua kwa bidii ya mtu anayeitafuta pepo. Mimi nilikuwa na gololi za kucheza. Nikatafuta kiganja cha matipitipi, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, nikazimwaga kwenye maji ya kifuu, na kila jioni nikazipitisha mbali kidogo na macho ya Bibi, ambayo hayakuwa makali kama ulimi wake. Akisema "Mashaallah", nami nainamisha kichwa kama hamali aliyeshusha mzigo. Mbegu zile zile zilikufa mara kumi na mbili.

Siku tano kabla ya harusi Bibi akapanda darini kutazama vitumba. Madebe ya Salum yalikuwa msiba. Majani yananata, vidukari wameshonana kama wageni wa maulidi. Yangu yalikuwa meupe kwa maua. Salum akaitwa mvivu. Akalia, akaapa kwamba hakubakisha hata mdudu mmoja. Mimi nikaitwa mjukuu wa kutegemewa, nikapewa kipande cha halua, na nikakila. Kinywa hakijamaliza kutafuna, Bibi akageuza jani la debe langu. Wadudu wekundu tele, wanatembea kama wana hati ya nyumba. Akakitaka kifuu changu, akatia vidole majini, akasogeza mbegu moja mpaka karibu na pua.

"Mbona huyu wako hana miguu?"

Nikamwambia imeng'oka kwa maji. Raya, ambaye harusi ilikuwa yake, hakucheka.

Kabla ya kuifuata bakora, Bibi alichuchumaa mbele ya debe langu. Akamuona mdudu mwekundu akimkamata kidukari, akamla, akahamia kwa wa pili, jani asiliguse. Mwishowe akasema, taratibu, kwamba wale wa mabiringani rangi yao ilikuwa imefifia, na mgongo una vinyweleo, haung'ai. Akamwita Salum, akamuomba radhi. Salum akalia upya. Bakora zangu nilizipata zote, na nilielezwa kuwa ni za uwongo, za uvivu nimesamehewa.

Tulihamisha wadudu kwa vidole, mmoja mmoja, mpaka madebe ya Salum, lakini siku tano hazikutosha. Bibi hakutuma mtu sokoni. Siku ya harusi vikuba vilikuwa rehani tele na vitumba vitatu vitatu vya asumini. Bi Shamsa akakigeuza chake, akauliza kwa sauti ya kufika mlangoni kama mwaka huu asumini imeadimika Unguja nzima. Mimi, niliyekuwa nimebeba sinia la kahawa, nilijua majibu yaliyopo: jua, jicho la hasidi, au mimi.

"Asumini ilikuwepo, Bi Shamsa," Bibi akasema. "Walinzi wake nliwaua mwenyewe, kwa kujua kwingi."

Bi Shamsa akakichomeka kikuba kifuani.

Siku hizi Nassor amefundishwa skuli kwamba wadudu wale wengi wao ni rafiki wa mimea na wachache ni maadui. Ameandika kwa hati nzuri, akasifiwa. Juzi alivunja glasi, akaeleza robo saa nzima kwamba ni upepo, na dirisha lilikuwa limefungwa. Sisi hatukuwa wakweli kuliko wao, ila tulipodanganya angalau tulikwenda kutafuta mbegu. Darini pamebaki madebe mawili. Kukiwa na harusi tunanunua vikuba vilivyokwisha fungwa, vinene, asumini mpaka inamwagika. Hakuna anayeuliza kitu, na hakuna mtu mzima anayelazimika kusema mbele ya wakwe kwamba aliyekosea ni yeye.