Msiba Hauna Alama

Tulikuwa tunauza chakula cha kuku kutoka ghala letu la Lemara, na mtu ambaye wateja walimpenda kuliko sisi sote alikuwa, kwa mujibu wa kompyuta, mvivu.

Bosi wetu, mama mchapakazi asiyependa porojo, alikuwa ameleta mfumo mpya. Magari ya mauzo yote yalionekana kwenye skrini ukutani, kila duka ulilotembelea lilikupa alama, na ambaye angeshika mkia mwezi mzima angeachishwa kazi. Mimi nilikaa mezani kupokea oda, nikawa naona jina la dada mmoja, mwenzetu wa siku nyingi, jekundu wiki baada ya wiki. Iliniuma, maana wateja wakipiga simu walianza kwa kumuulizia yeye.

Jumatatu moja bosi akamweka kitimoto mbele yetu.

"Dada, Alhamisi gari lako lilisimama Kimandolu tangu asubuhi mpaka saa tisa. Duka gani hilo?"

"Si duka, bosi. Yule mteja wetu mama wa pembejeo amefiwa na mumewe. Nilikuwa namenya ndizi za kuwapikia waombolezaji, na akina mama wenzangu."

"Nampa pole. Lakini msiba hauna alama."

"Na usiuwekee, bosi wangu. Ukiuwekea tu, hawa vijana wako watagombania maiti."

Tulicheka mpaka mtu akamwaga chai. Bosi hakucheka. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ila mfumo ule ulikuwa haujawahi kufiwa. Dada wala hakujitetea zaidi, akabeba begi lake akaenda kwa wateja wa Kijenge. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa ule mzaha. Ningekuwa mimi, ningekimbizana na alama, naingia na kutoka madukani kama mtu anayetafuta choo.

Mwezi ukaisha, bado anashika mkia. Asubuhi ile alikuja amevaa kitenge, kwa sababu mfugaji mmoja wa huko juu, chini ya Mlima Meru, alikuwa anamzika mama yake. Bosi akatoka ofisini, akanyoosha mkono.

"Naomba funguo za gari."

Dada akamkabidhi. Machozi yakanilengalenga, nikajifanya natafuta kalamu.

Bosi akafungua mkoba wake, akatoa khanga, akajifunga kiunoni juu ya suti.

"Leo naendesha mimi," akasema. "Wewe nielekeze. Na kisu cha kumenyea unacho, au tupitie sokoni?"