Dola Yenye Mama wa Kilemba

Gladys Adhiambo alikuwa akibadilisha fedha pale Nyamisangura, mjini Tarime, na udadisi wake ulikuwa kero. Ukimpelekea noti ngeni, kwanza alikuuliza wenye noti wanakula nini. Mimi niliuza chai kando yake. Nilimpenda, ila wateja wangu walipoza chai wakimsikiliza.

Mwaka 1999 akaja Oswaldi, mchimbaji wa dhahabu kutoka Bukoba. Mgeni mmoja mpita njia alikuwa amenunua dhahabu yake yote kwa noti moja tu, dola mia tano. Kwa hesabu ya Oswaldi, kazi ya mashimo ilikuwa imekwisha. Alishauza nyundo na patasi, na mkewe Luciana alishaambiwa kwamba Ijumaa mume anarudi nyumbani asiondoke tena.

Gladys akainua noti juani. "Mwanamke mweusi, na kilemba! Wamarekani wamepata akili lini?"

Sisi wa mpakani huwezi kutupa shilingi ya Tanzania ukasema ni ya Kenya. Hata mtoto anajua hizo ni fedha mbili. Lakini kwenye dola tulikuwa wajinga sote. Tulidhani iko moja tu duniani. Gladys akaenda kumpigia simu mdogo wake Ojwang, karani wa benki Kisumu, akarudi uso unang'aa.

"Ni ya Jamaika! Kisiwa huko Karibi. Nao walitawaliwa na Mwingereza, wakatumia pauni na shilingi. Mwaka sitini na tisa wakaziacha. Shilingi kumi zikawa dola moja, yenye senti mia. Na huyu mama ni Nanny, aliwapiga Waingereza milimani! Oswaldi, unasikia?"

"Nasikia, mama. Kwetu ni shilingi ngapi?"

Furaha ikamtoka Gladys. "Dola zao karibu arobaini ndiyo dola moja ya Marekani. Hiyo yote haifiki elfu kumi zetu."

Nilimwonea Oswaldi huruma hadi nikakichukia kisiwa chenyewe, ambacho hakijatukosea lolote. Gladys akampa elfu kumi kamili, akijua noti ile hakuna wa kuinunua Tarime nzima.

Oswaldi aliomba aonyeshwe kibanda cha simu, nikamsindikiza. Luciana alipopatikana, alimwambia mabasi ya Ijumaa yamejaa. Akasikiliza kitambo, akanigeuzia mgongo.

"Basi huyo kuku usimchinje," akasema. "Mwache kwanza."