Kinyozi Asiyefufua Wafu

Kuramochi Isao alirithi kwa baba yake kiti cha kunyolea, mikasi na mdomo usio na breki. Tabia ya kuua majirani aliianza mwenyewe. Mtaa mzima wa Fushimi ulijua, na hakuna aliyewahi kuita polisi.

Ilikuwa hivi. Ujanani mwake ulitoka mchezo wa vita wa kwenye televisheni, ukaitwa Bendera Saba. Unapanga askari kwenye miraba, unawasogeza mmoja mmoja, na anayeanguka ndiyo basi tena, harudi hata ulie machozi ya damu. Wengi, askari wao akianguka, walizima mtambo wakaanza upya pale walipohifadhi. Isao aliwaona waoga. "Aliyekufa kafa," alisema. "Mnataka vita au mnataka harusi?" Matoleo yakafuatana, ya kaseti, ya kidude cha mfukoni, mpaka ya mtambo wa leo, na katika kila toleo aliwapa askari majina ya wateja wake. Jumatatu, siku ambayo vinyozi hufunga, majirani walijazana dukani kutazama nani anakufa.

Basi ikawa rushwa mtindo mmoja. Ohata, muuza sake, ile pombe ya mchele, alileta chupa ili asipangwe mbele. Fundi viatu aliyekufa katika toleo la tatu alinuna, akawa ananyolewa mtaa wa pili mpaka toleo la nne lilipomfanya jemadari. Watu wazima hao, na mvi zao.

Mmoja tu hakuwahi kufa: Nishiwaki Chiyo, mjane mwenye duka la tofu, vile vipande vyeupe vya maziwa ya soya yaliyogandishwa. Kila toleo yeye ni mganga, yuko nyuma kabisa, anafunga watu vidonda. Isao alisema waganga ni adimu. Uongo mtupu. Alimpenda mwanamke yule, na miaka yote hakuthubutu kumwambia zaidi ya, "Nipe kipande kimoja, kile kigumu."

Toleo jipya lilipotoka, Chiyo akachoka. Aliingia na aproni yake iliyolowa, akasimama akaiziba televisheni.

"Wewe kinyozi, mimi nimekukosea nini?"

"Kwani vipi, Mama Tofu?"

"Huyu Ohata, ngazi tatu tu anahema, umempa farasi. Mimi nabeba ndoo za soya tangu alfajiri, unanipa bandeji! Nipe upanga."

"Kule mbele watu wanakufa, mama."

"Na huku nyuma wanazeeka. Nipe upanga, la sivyo tofu kanunue supamaketi."

Watu wakaangua kicheko. Isao akampa upanga, shingo upande. Kumbe Chiyo wa kwenye televisheni alikuwa moto wa kuotea mbali! Ngome baada ya ngome alifyeka, na Chiyo wa kweli akipiga makofi, "Songa! Unaogopa nini?" Toleo hili lilikuwa na njia ya huruma, ya kuwarudisha walioanguka. Ohata aliitaja kwa sauti ya chini, Isao akamkata jicho.

Kwenye ngome ya mwisho Isao akakosea mraba mmoja. Mpiga mshale alijibanza nyuma ya ukuta, na Chiyo akaanguka.

"Pole, Mama Tofu," fundi viatu akasema, na raha yake hakuificha. "Aliyekufa kafa."

Isao akainuka, akachomoa waya ukutani. Televisheni ikawa giza.

"Hee!" Ohata akapayuka. "Mimi umeniua mara ngapi, na hata swichi hukuigusa!"

"Wewe ni jirani tu," Isao akasema, masikio yamemwiva, waya mkononi.

Hakuna aliyecheka. Hata fundi viatu alielewa, akatazama sakafu. Chiyo aliutazama waya, akamtazama mwenye waya, kisha akavuta kiti akakaa kando yake.

"Chomeka," akasema. "Tunaanza mwanzo kabisa. Na safari hii wewe mwenyewe uingie vitani, usimame mraba wa pembeni yangu."