Kaa, Hodi na Adui Asiyeonekana

Ko. Kimya kidogo, mguu unaburuzwa. Ko tena. Mlio wa gongo lile la mti wa mkoko kwenye sakafu ya saruji ninao masikioni mpaka leo. Nilikuwa nakaa kibarazani nimeinamia cherehani, na kabla sijainua kichwa nilishajua kuwa kaka wa bodaboda anakuja, na kwamba mchezo unakaribia kuanza.

Tulimwita kaka wa bodaboda ingawa bodaboda hakuwa nayo tena. Lori la mkaa lilimpiga kikumbo karibu na Nyamwage, mguu wake wa kulia ukavunjika vibaya, na mwenye pikipiki akampa mtu mwingine aiendeshe. Kutwa alikuwa kwa dada yake, akifukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Safari yake ilikuwa moja tu: jioni, kuja kafe ya kompyuta.

Kafe yenyewe ilipakana na fundi aliyekuwa ananifundisha kushona. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafika Kibiti kwa barabara ya Lindi. Ilikuja lami, ikaja minara ya simu, yakaja makontena ya vitu vilivyotumika ng'ambo. Ndani ya makontena hayo zikaja kompyuta tano zenye migongo minene kama mafenesi, na baadaye ikaja intaneti yenye kasi ya kutosha mtu wa Kibiti kucheza na mtu wa Dar bila kuonana naye. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu. Lakini mchezo ule haukuuliza cheti. Nilishajiona niko kwenye ndege, nimevaa jezi yenye jina langu mgongoni, nakwenda kucheza nchi nisiyoijua. Cherehani likikata uzi ndiyo narudi Kibiti.

Mlikuwa mnacheza watano kwa watano. Kila upande una ngome yake, katikati pana njia tatu, msitu na mto. Unailinda ngome yako huku unaikaribia ya mwenzio. Kikosi chetu kilikuwa mwenye kafe, ambaye ndiye nahodha na sote tulimwita bosi, ndugu wawili wauza mitumba, kaka wa bodaboda, na mimi mwanamke peke yangu.

Kilichotumaliza ni shujaa mmoja wa watu wa Dar. Alikuwa anapotea. Unamwona, humwoni, halafu panga limo mgongoni mwako na umeshakufa. Dawa yake ilikuwepo dukani mle mle kwenye mchezo: kijiti chenye jicho, ukikichomeka ardhini kinamwonesha aliyejificha, na unga wa kumrushia ili asipotee tena. Ila sarafu za mchezo kila mtu alitaka kununulia panga. "Vijiti na unga mpeni sista," walisema. "Si ndiyo mambo ya jikoni hayo?" Wakacheka, nami nikacheka, nikanunua vijiti.

Hawakujua kuwa kazi ile nilishaifanya. Mimi nimezaliwa Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji. Bibi yangu alikuwa anachimbua kaa kwenye mikoko kwa chuma chenye ndoano, na mimi nyuma yake na kapu. Kaa humwoni, unaona tundu. Bibi alikuwa hatazami hata ndani ya tundu, anatazama mlangoni. "Tope hili bichi, mjukuu wangu, katoka kulitupa sasa hivi. Mwenyewe yumo." Na kwenye mchezo ndivyo. Msituni mlikuwa na wanyama, na adui akipita kwa siri anawaua njiani apate sarafu. Nikikuta wanyama hawapo na wenzangu hawajapita, ninajua tope ni bichi. Kwa hiyo moyoni mwangu yule adui nilimwita kaa.

Anayekufa sana alikuwa kaka wa bodaboda. Alikuwa anakwenda mbele kuliko wote. Siku moja nikamuuliza, kaka, kwa nini husubiri wenzio? Akaona haya, akasugua goti.

"Humu ndani nakimbia, dada," akasema. "Acha nikimbie."

Sikumuuliza tena.

Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri tulikuwa tunarudiana na wale wa Dar. Bosi akasema mbele yetu sote, bila kumung'unya maneno, "Leo mtu akifa kizembe, kiti anapewa mwingine. Watu wa kukaa hapo wapo." Hakumtaja, lakini sote tulitazama pembeni. Kaka wa bodaboda akavuta kreti la soda, akaupandisha mguu wake juu yake, akakunja uso kidogo maana plastiki ilikuwa inamchoma kwenye kovu. Halafu akatabasamu.

"Tuanze basi, bosi. Mnaogopa?"

Siku zote nilikuwa namwonesha mtu kwa kidole kwenye kioo chake. Siku ile nilikaa mbali naye, mwisho wa meza. Yeye kaenda mbele kama kawaida yake, kafika mtoni. Mimi natazama msituni, wanyama hawapo. Nikapiga ukelele:

"Kaa! Kaka, kaa! Kaa!"

Akakaa. Wallahi, alisimama palepale mtoni kama mtu anayesubiri kivuko. Panga likaingia, akafa.

"Umeona?" Bosi akapiga meza. "Nilisema mimi! Umesimama unafanya nini pale, unaoga?"

"Nimeambiwa nikae," akasema kaka wa bodaboda. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sista kaniambia kaa, nikakaa."

"Sikusema ukae!" nikasema. "Nimesema kaa! Kaa wa kwenye tope! Kaa wa magando!"

Mmoja wa wale ndugu akageuka taratibu. "Yaani unatupigia kelele za kitoweo?"

Mama wee, tulicheka. Hata bosi alicheka, huku anapigwa kwenye njia yake. Lakini alipomaliza kucheka akajifuta macho, akamwangalia kaka wa bodaboda, na uso wake ulikuwa uleule.

"Hiyo nimekusamehe. Sista, tafuta neno jingine kabla hatujazikwa. Na wewe, ukifa tena, basi."

Neno likaja lenyewe. "Hodi," nikasema.

"Hodi ya nini?"

"Huyu si anaingia kwa watu bila hodi? Basi nitampigia mimi."

Walicheka tena, lakini mimi nilikuwa nimeshachomeka kijiti karibu na mto, kwenye kichaka, na unga nimeshampa kaka wa bodaboda. Tukaendelea. Kaka wa bodaboda kafufuka, kaenda mbele vilevile, hakusikia la mtu. Nikaangalia msitu. Wanyama hawapo. Kijiti changu kikafumba, kikafumbua, na yule bwana huyo anakuja ananyata, kanyanyua panga.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitika kaka wa bodaboda.

Hakufikiri. Nani kwetu anasikia hodi akanyamaza? Mdomo uliitika na mkono ukarusha unga pamoja, adui akatapakaa mweupe kama andazi, na wale ndugu wawili nao wakadakia, "Karibu! Karibu ndani!" wakamwangukia. Tangu hapo kila nikipiga hodi kafe nzima inaitika. Wapita njia walikuwa wanachungulia dirishani kuona mgeni gani anakaribishwa vile.

Siku ile tulifungwa. Njia nyingine zilikuwa zimeshaharibika zamani, ngome yetu ikaanguka. Lakini kaka wa bodaboda hakufa tena. Bosi alizima kompyuta moja moja, na yule kaka alikuwa anapapasa gongo lake chini ya meza kama mtu asiyetaka kulipata haraka.

"Jumatatu uwahi," bosi akamwambia bila kumtazama. "Usitucheleweshe."

"Nitawahi, bosi."

Ko. Kimya. Ko. Safari ile mlio ulikwenda kwa haraka mpaka ng'ambo ya barabara.

Jumatatu asubuhi bosi alifungua mlango, akaenda kunywa chai. Nilikuwa na vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi, na Jumapili nilikuwa nimeokota sufi chini ya mti nyuma ya nyumba yetu. Nilipiga hodi ingawa ndani hamkuwa na mtu, nikaingia. Nikauweka mto mdogo niliokuwa nimeushona juu ya kreti la soda, nikaubonyeza katikati upate shimo la kisigino, nikalisukuma kreti chini ya meza, pale anapokaa kaka wa bodaboda, upande wa kulia.

Halafu nikarudi kwenye cherehani.