Koili Mbili za Redio ya Kabuchai

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwalimu mchanga wa fizikia pale Kitale, na nilijua kila kitu duniani isipokuwa namna ya kukubaliwa na mama wa mchumba wangu. Kwao ni Kabuchai, upande wa Bungoma. Huko mama mkwe hamshiki mkono mkwewe, wala hapiti mbele yake; ndiyo heshima, na mimi sikuijua bado. Sasa siku niliyofika, mama akanikamata mkono akautikisa kama anayepampu maji. Mimi huyo nikachekelea, ati nimependwa. Mchumba wangu akanivuta kando, machozi yanamlenga.

"Amekusalimia kama fundi wa kupita tu," akasema. "Hajakuhesabu."

Nikaona dawa ni kuonyesha ujuzi. Redio ya mama ilikuwa imekufa, basi nikaifungua pale sebuleni nikatoa transfoma, yaani koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Mama akavuta kiti akaketi nami bega kwa bega, jambo lililonikata maini kabisa. Nikamwomba ashike waya za koili moja zisicheze. Mimi nikagusisha betri mbili za tochi kwenye koili ile nyingine.

"Haitanishika hii?"

"Mama, ni betri za tochi tu. Na hata hazijaungwa na waya zako."

Mtu na masomo yake, bana. Kila mwaka nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba koili haipendi kukatizwa: ukiikatia umeme ghafla inarusha nguvu kubwa kuliko betri yenyewe, na koili jirani huipokea na kuikuza. Nikaondoa betri. Mama akaruka na kiti chake, kitambaa cha kichwa kikatua ndani ya chai yangu.

Niliona harusi ikienda hivyo. Nikaanza kueleza mambo ya koili, ulimi mzito kama niliyelishwa ugali mbichi.

"Hizo mbili zilikuwa zinagusana?" akauliza, akisugua vidole.

"La, mama. Waya zao zikigusana, redio inaungua. Zinakaa karibu tu, na stima inapita."

"Bila kugusana."

"Bila kugusana kabisa."

"Kumbe hata shule inajua hiyo maneno," akasema. Akatoa kitambaa kwenye kikombe, akakikamua, akaingia chumbani na kuvuta pazia.

Nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kuokota skrubu moja moja, na sitaficha, nilitaka kulia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikimwita binti yake.

"Ambia huyo mtu amalize ledio halaka atoke nje. Chakula yangu inaungua jikoni, na mimi siwezi pita mbele yake."