Mlete Baba Yako

Sikuwahi kuwa na mtu wa kumwita baba, na jambo hilo halikunisumbua hata siku moja mpaka nilipofika chuo kikuu. Kwetu Matongo, huko Tarime, sikuwa peke yangu. Bibi yangu alifiwa na mume kabla ya kupata mtoto, akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu ili nyumba yake isife. Ndiyo ndoa tunayoiita nyumba ntobhu. Mama alituzaa mimi na wadogo zangu, sote tukawa wa bibi, tukabeba jina la marehemu mumewe. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye nyumba, na kijijini hakuna aliyecheka.

Chuoni walicheka. Kijana mmoja, kiongozi wa wanafunzi, alinitaka nikamkataa. Huyo huyo jukwaani alihubiri usawa na ukombozi wa mwanamke mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Akapata habari za kwetu kutoka kwa msichana niliyekaa naye chumba kimoja, basi ikawa ndiyo fimbo ya kunichapia. Kila nikiingia bwaloni, meza yake ilianza kugonga sahani za bati kwa vijiko, meza nyingine zikafuata, huku wakiimba, "Baba kavaa kanga! Baba kavaa kanga!" Hawakuacha mpaka nitoke. Nilikonda kwa kushindia karanga na ndizi za barabarani. Aliyethubutu kuketi nami alipigiwa vijiko naye.

Nikaenda kwa mlezi wa wanafunzi, mtu aliyewekwa na kulipwa kusikiliza shida zetu. Ofisi yake ilipakana na bwalo. Ukuta mmoja! Akanitazama kama nzi aliyetua kwenye chai yake.

"Ndugu, mimi sijasikia kelele yoyote. Halafu wewe si Mkurya? Na ukali wenu wote mnashindwa na vijiko?"

Nilirudi tena. Akasema vijana wanatania tu. Nilipong'ang'ania, akachoka nami: "Likizo ikiisha, mlete baba yako tuzungumze kama watu wazima." Alijua Tarime ni mbali. Na alijua, kwa kuwa chuo kizima kilijua, kwamba baba sina. Mpaka leo nikilikumbuka tabasamu lake damu inanichemka.

Nilifika nyumbani nimekwisha kata shauri: asipopatikana mtu wa kunisimamia, sirudi. Nikamwambia mama. Alikuwa anapepeta mtama, wala hakusimama. "Nyamaza usome. Mnyonge hana haki."

Bibi alikuwa zizini anakamua. Sikudhani anatusikia.

"Huyo mwenye chuo amesema aletwe nani?"

"Baba."

"Basi ameniita mimi."

Tukapanda basi hadi Mwanza, kisha treni hadi Dar es Salaam, yeye na fimbo yake na kibuyu cha maziwa ya mgando. Njia nzima hakuniuliza kama naogopa. Aliniuliza wanagonga vipi, wanaanza kina nani, na mkubwa wao anakaa wapi wakati huo. Chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza hayo.

Mlezi wa wanafunzi alisimama kwa adabu. "Shikamoo bibi. Baba mwenyewe hakuja?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Akacheka. Mbele ya mtu mzima aliyetoka Matongo kwa ajili yake, alicheka! Akasema jambo hili linahitaji mzazi hasa, tena yeye hizo kelele hajawahi kuzisikia. Bibi hakubishana naye. Alinigeukia mimi, akauliza tunakula saa ngapi.

Mchana tukaingia bwaloni pamoja. Vijiko vikaanza, baba kavaa kanga, na kweli alikuwa amevaa kanga. Nikamshika mkono nimtoe, akaukung'uta. Akaketi, akamega ugali, akala taratibu kama mtu aliye kwake. Msidhani waliona haya. Walizidisha, wengine wakasimama juu ya viti, wapishi wakatoka jikoni kuja kutazama. Alipomaliza kula alilaza fimbo mezani, akaendelea kukaa. Kelele ikawa kubwa kiasi kwamba hata yule mlezi wa upande wa pili wa ukuta hakuweza tena kujifanya kiziwi. Akaja anahema.

"Bibi, tafadhali tokeni, mnaleta fujo."

"Umesikia?"

"Nini?"

"Nakuuliza, umesikia?"

Vijiko vikanyamaza. Kila mtu alitaka kujua atajibu nini.

"Nimesikia," akasema.

"Haya. Asubuhi ulisema hujasikia. Sasa baba yake nimekuja, na wewe umesikia. Fanya kazi yako."

Mnajua alifanya kazi gani? Jioni ile ile aliamuru vijiko viondolewe bwaloni. Muhula mzima tulikula kwa mikono, hata wali na maharage. Yule kijana hakuguswa, aliendelea kuhutubia usawa. Katika mambo yote yale walioadhibiwa ni vijiko, na wanafunzi wakaninung'unikia mimi kwamba nimewanyang'anya.

Kesho yake stesheni, nilipomsindikiza bibi, nililia kwa hasira. Nikamwambia amehangaika bure, hatukupata kitu. Alikuwa amekwisha kaa dirishani, fimbo katikati ya magoti.

"Leo asubuhi umekula?"

"Nimekula."

"Mle bwaloni?"

"Mle mle."

"Basi na kesho ule. Wakimwita baba yako tena, nipo."